Mtoto atulie kwanza, kupanda baadaye: mwongozo wa kituo cha tiba ya watoto kwa kutumia punda na farasi huku Mwanza

Naandika hii kwa ajili ya watu wanaotaka kufungua sehemu ya watoto kupanda mnyama kama tiba, yaani watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo, mgongo wazi, na wale ambao mwili hauna shida ila wamepitia mambo mazito nyumbani. Wengi wakianza wanakimbilia kuuliza tandiko linauzwa wapi, uzio uwe wa nini, mnyama bei gani. Hivyo vinatafutika. Kinachoua kituo ni mtoto kuja mara moja akaogopa, akalia ndani ya daladala njia nzima mpaka Buhongwa, asitake kurudi tena, na mama yake akawaambia wenzake wote wa kliniki.

Msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia kwa namna tofauti mpaka mwisho: mtoto anajisikia salama sehemu ambayo neno "sitaki" linasikilizwa, la kwake na la mnyama pia. Akiona punda kagoma na hakuna aliyemchapa wala kumfokea, anajua na yeye akigoma hatafanywa kitu. Huo ujumbe huwezi kumpa kwa mdomo, mtoto lazima auone kwa macho.

HATUA YA 1: Mnyama mwenyewe awe ametulia

Mimi nashauri punda. Farasi huku kwetu ni wachache na wanataka uangalizi mkubwa, ukisogea upande wa mapori kuna mbung'o na ugonjwa wa ndorobo wanaoueneza, alafu kuna ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaosambazwa na wadudu wadogo wanaouma jioni na usiku, ambao unaua farasi haraka wakati punda anauvumilia zaidi. Punda wapo, vijijini watu wamezoea kuishi nao, na ni mfupi, mtoto anaangaliana naye uso kwa uso badala ya kutazama juu.

Ila uzito uheshimu. Kanuni inayotumika sana ni mtoto pamoja na tandiko wasizidi moja ya tano ya uzito wa mnyama, na punda wetu ni wadogo, punda wa kilo 140 mwisho wake ni kilo 28. Kwa hiyo mtoto mkubwa hapandi, anamwongoza kwa kamba, anampiga brashi, anamlisha, anatembea naye. Msiwaambie wazazi kwamba hiyo ni nusu ya tiba. Kwa mtoto mwenye hofu, kutembea bega kwa bega na mnyama anayekubali kumfuata mara nyingi kunasaidia kuliko kupandishwa juu.

Punda wengi utakaowanunua wametoka kubeba maji na mkaa na wamechapwa sana. Usimuweke kazini hivyo hivyo. Muache apumzike, daktari wa mifugo amuangalie kwato, meno na vidonda vya mgongoni, alafu fanya jaribio dogo, simama karibu na bega lake unyanyue mkono wako taratibu kama unajikuna kichwa. Akirudi nyuma, akifumba macho au akikaza shingo, huyo bado, na haijalishi mfadhili anakuja lini.

Wanunue wawili waliozoeana. Punda anashikamana na mwenzake kweli kweli, ukiwatenganisha anaweza kuacha kula, na punda akiacha kula mafuta yanajaa kwenye damu na anaweza kufa. Hata wakati wa kazi mwenzake asimame sehemu anayoonekana.

Wafanyakazi wote, mpaka mlinzi na mama wa jikoni, wajue kusoma "sitaki" ya mnyama: masikio yamelala nyuma, pua imekazwa, mkia umebanwa, anageuza kichwa, weupe wa jicho unaonekana. Farasi akiogopa anakimbia. Punda akiogopa anaganda, na watu wanasema mkaidi wakati mwenzao anapima hatari. Akiganda mnasimama wote, mnamsubiri, na mtu mmoja anamwambia mtoto kwa sauti ya kawaida "ameogopa kidogo, tunamsubiri". Hapo tu tayari umefundisha kitu kikubwa.

Na fimbo isionekane uwanjani kabisa, hata ya kufukuzia mbuzi. Watoto wengi wanaokuja fimbo wanaijua vizuri, ya shule na ya nyumbani.

HATUA YA 2: Eneo

Tafuta sehemu isiyo na kelele za kushtukiza. Ukiwa Ilemela karibu na uwanja wa ndege utajua mwenyewe, ndege ikishuka mtoto mwenye usonji anaziba masikio na kipindi kinaishia hapo. Vivyo hivyo baa zenye spika na kijiwe cha bodaboda. Upande wa Kisesa, Usagara, Igombe bado unapata maeneo, na yale mawe yetu makubwa yana faida yake, yanakata upepo na sauti na kumpa mtoto sehemu ya kujificha akizidiwa. Mwekee kona hiyo makusudi, mkeka na kivuli, na mtoto akienda pale hakuna anayemfuata kumbembeleza, mtu mmoja anakaa mbali kidogo anamuona, basi.

Ziwa ni zuri kulitazama ila fikiria mara mbili kabla ya kupitisha njia ya kupanda kando ya maji. Kwanza kichocho, msiwapeleke watoto kunywesha punda ziwani wakasimama kwenye maji, chota maji muweke kwenye pipa. Pili viboko, jioni wanatoka kula majani. Tatu, na hili watu wanalisahau, huku kuna familia zimepoteza watu majini, MV Bukoba mwaka 1996, MV Nyerere pale Ukara Septemba 2018, na mitumbwi ya kila siku isiyoandikwa popote. Kuna mtoto ambaye sauti ya mawimbi peke yake inatosha kumfunga mdomo, na mzazi hatakuambia usipouliza.

Wadudu wa ziwani nao, siku wanapokuja kama wingu mnahirisha tu. Mtoto asiyependa kuguswa usoni hawezi kuvumilia wale wadudu, na wewe huwezi kumuelezea.

Ratiba iwe asubuhi, saa moja na nusu mpaka saa tatu na nusu, au jioni kuanzia saa kumi. Mvua za vuli na masika ngurumo zake huku ni kali, mkisikia radi ya kwanza kwa mbali mnashuka wote mnaingia ndani, hata kama jua bado linawaka.

HATUA YA 3: Kaa na mzazi kabla hujamuona mtoto

Mpigie au aje peke yake. Mara nyingi anayekuja ni bibi, kwa hiyo anza na shikamoo yako, mpe kiti na maji, usimkimbizie fomu. Kama Kiswahili kinamchosha tafuta mfanyakazi anayejua Kisukuma, ile "mwangaluka" ya asubuhi peke yake inalegeza mabega ya mtu. Alafu uliza: mtoto akiogopa anafanyaje? Nini kinamtuliza? Hapendi kuguswa wapi? Kuna neno, sauti au mtu anayemshtua? Haja anaombaje? Ameshawahi kung'atwa na mnyama? Na uliza kuhusu maji, kama nilivyosema hapo juu.

Usiulize "ana tatizo gani" mbele ya mtoto. Watoto wanasikia hata wasioongea, tena wasioongea wanasikia zaidi kwa sababu watu wamezoea kuwasema wakiwepo.

Upande wa afya, usikubali kupandisha mtoto bila barua ya daktari, iwe Bugando, Sekou Toure au hospitali ya wilaya. Kifafa ambacho hakijatulia, nyonga iliyochomoka, na mtoto mwenye Down syndrome ambaye shingo yake haijapimwa, hao wasipande mpaka daktari aseme. Mtoto mwenye kichwa kikubwa aliyewekewa mrija wa kupunguza maji kichwani, helmeti isikandamize ule mrija. Naliweka hili kwenye habari za hisia kwa sababu mzazi anakusoma: akiona unauliza maswali ya maana, bega lake linashuka, na mtoto anamtazama mzazi wake kabla ya kukutazama wewe.

HATUA YA 4: Siku ya kwanza hakuna kupanda

Wazazi wamelipa nauli, wametoka mbali, wengine wamevuka kutoka Sengerema, wanataka kuona mtoto juu ya punda na picha ya kutuma nyumbani. Waambie mapema kwenye simu kwamba siku ya kwanza ni kufahamiana tu, ili wasifike na matarajio mengine.

Mtoto aingie, azunguke, aone choo kiko wapi, aone mlango wa kutokea. Mnyama awe nyuma ya uzio. Mtoto anachagua umbali, kama ni mita ishirini basi ishirini. Mlio wa punda nao asiusikie kwa mara ya kwanza akiwa amesimama pembeni yake, mtoto mwingine anaruka, so mwambie mapema "huyu anapiga kelele, ndivyo anavyoita rafiki yake", na kama una video ya simu mpigie kwa sauti ndogo azoee.

Akisogea mwenyewe mfundishe kuja kwa upande wa bega, kwa sababu farasi na punda hawaoni kitu kilicho mbele kabisa ya pua wala nyuma kabisa ya mkia. Anyooshe mkono, asubiri. Mnyama akinusa, amekubali. Mnyama akigeuka, mnasema "leo hataki, tumuulize baadae". Najua unatamani kumvuta kamba ili mtoto asijisikie vibaya, ila usifanye hivyo, maana ukimlazimisha mnyama mbele ya huyo mtoto umeshamwambia kwamba hapa kwenu kukataa ni kazi bure.

HATUA YA 5: Alama ya kusimama

Kabla ya kupanda hata mara moja mtoto awe na alama moja ya "simama". Anayeongea aseme neno lolote analotaka yeye, asiyeongea agonge shingo ya punda mara mbili, au anyanyue kiganja, au aguse kitambaa chekundu kilichofungwa mbele kwenye tandiko. Alafu mfanyie mazoezi, asimamishe mara nyingi bila sababu yoyote, na kila mara punda asimame kweli na ninyi msimame kweli. Watoto wengine watacheza nayo kipindi kizima, simama tembea simama tembea. Muache. Huyo anahakikisha kama mnasema ukweli, na pengine ndiyo mara ya kwanza maishani mtu mzima anasimama kwa amri yake.

Anayesimamisha wakati mtoto kanyanyua kiganja ni mshika kamba, papo hapo, bila kumuangalia mwalimu kuomba ruhusa, bila "hebu tumalizie mzunguko". Mfanyakazi anayependa kumalizia mzunguko mpe kazi nyingine.

HATUA YA 6: Watu watatu na mikono yao

Mpangilio wa kawaida ni mmoja anashika kamba ya mnyama, wawili wanatembea pembeni ya mtoto, na mwalimu anaangalia wote. Wa kamba shughuli yake ni mnyama, wa pembeni shughuli yao ni mtoto, msichanganye. Wanaotembea pembeni wawe wale wale kila wiki, hili ni gumu kwa watu wa kujitolea, wanafunzi wa vyuo wanakuja mwezi mmoja wanapotea, kwa hiyo bora uwe na wachache wanaolipwa nauli na chai kuliko grupu kubwa la wasapu ambalo kila Jumamosi linaleta sura mpya.

Kugusa: unasema kwanza, unasubiri, ndipo unagusa. "Naweka mkono kwenye goti lako, sawa?" Kila siku, hata kwa mtoto uliyemzoea. Shikilia goti na kifundo cha mguu kama anahitaji kushikiliwa, usishike kiuno wala paja kiholela, na asiye na sababu ya kushikwa asishikwe. Kufunga mkanda wa helmeti chini ya kidevu ni kumgusa mtu shingoni, watoto waliowahi kukabwa wanaganda pale, so mpe afunge mwenyewe wewe ukague kwa kidole kimoja.

Na msiongee juu ya kichwa chake. Wa kushoto anamwambia wa kulia habari za Simba na Yanga wakati mtoto yuko katikati anajitahidi kukaa wima, hiyo inaumiza. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa maelekezo, maneno machache. Kimya kinaruhusiwa.

HATUA YA 7: Utaratibu ule ule kila mara

Salamu, kunawa, brashi, helmeti, kupanda kwenye jukwaa, mizunguko, kushuka, kumpa punda majani, kuaga. Mpangilio usibadilike. Chora picha za hatua hizo kwenye kadi ngumu, uzitundike, mtoto ageuze kadi kila hatua ikiisha. Mtoto mwenye usonji akijua kinachofuata nusu ya wasiwasi inaondoka, na hata mtoto aliyetoka kwenye nyumba yenye vurugu anapenda kujua kwamba baada ya hiki kinakuja kile.

Jukwaa la kupandia lijengwe imara lenye mteremko wa wheelchair. Usimnyanyue mtoto kama mzigo kama anaweza kupanda kwa msaada. Lis Hartel wa Denmark alipooza kwa polio mwaka 1944, miguu chini ya magoti haikufanya kazi tena, na mwaka 1952 kwenye Olimpiki ya Helsinki akapata medali ya fedha ya upanda farasi, huku akisaidiwa kupanda na kushuka. Ushindi wake ndio uliowafungua watu macho Ulaya, na kufika 1969 Uingereza na Marekani tayari vilikuwepo vyama vya upandaji kwa watu wenye ulemavu. Wasimulie wazazi wenye mtoto anayebebwa, maana kuna mzazi anaona aibu mtoto wake kusaidiwa.

Mwendo wa kutembea tu unatosha. Mnyama akitembea anasukuma nyonga za mtoto mbele nyuma, kushoto kulia, juu chini, karibu sawa na mtu anavyotembea kwa miguu yake, na mdundo huo huo unatuliza. Dakika kumi na tano mpaka ishirini kwa mtoto mgeni ni nyingi tayari.

HATUA YA 8: Siku ikiharibika

Itaharibika. Mtoto atapiga kelele, atajikojolea juu ya tandiko, atampiga mnyama, atakutukana. Akijikojolea: mnasimama, mnashuka kama kawaida, kuna nguo safi za saizi tofauti na kanga kwenye boksi karibu na jukwaa, hakuna anayecheka wala anayesema "ooh pole jamani" kwa sauti. Tandiko linaoshwa baadae asipoona.

Akimpiga punda: zuia mkono, sema "punda hapigwi hapa, na wewe hupigwi hapa", msogeze mbali apumue. Asifukuzwe. Mara nyingi anajaribu kuona kama ile sheria ina watu wanaoilinda.

Mnyama akishtuka na inabidi mtoto ashushwe haraka, wa pembeni mmoja anamtoa, mwingine anatoa mguu kwenye kikuku cha tandiko, hili mlifanyie mazoezi taratibu bila mtoto mpaka liwe jepesi. Baada ya hapo mueleze mtoto kilichotokea, ukweli, kwa maneno mafupi: "Alisikia bati, akaogopa, tukakushusha, kosa siyo lako." Usimlazimishe kurudi juu siku hiyo hiyo eti asije akaogopa moja kwa moja. Akitaka mwenyewe sawa, akitaka kumpa majani tu na kwenda nyumbani, sawa.

HATUA YA 9: Watoto wenye ualbino

Hili linahitaji sehemu yake huku kwetu. Miaka ya 2007 na 2008 Kanda ya Ziwa iliandikwa dunia nzima kwa mauaji ya watu wenye ualbino, na familia hazijasahau. Mtoto huyu akiona watu wasiojulikana wanamtazama sana hana sababu ya kudhani ni upendo. Geti liwe na mtu, wageni wasiingie siku zao, na mtoto akabidhiwe kwa mtu aliyeandikwa tu, hata kama shangazi kaja na tabasamu na jina sahihi. Bodaboda ya kumchukua ijulikane.

Jua: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi mkiipata ni nzuri. Macho yao hayaoni mbali vizuri, na mwanga unawaumiza, kwa hiyo usimlete mnyama kutokea upande wa jua, ongea kabla hujafika ili asishtuke, na mpe nafasi amguse mnyama polepole kuliko wenzake.

HATUA YA 10: Simu, picha na wageni

Hakuna picha bila ruhusa ya mzazi kwa maandishi na ya mtoto kwa mdomo au ishara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na habari za afya ya mtoto siyo za kuweka statasi. Mtoto akisema hapana na mzazi kasema ndiyo, jibu ni hapana. Mfadhili akija, mueleze mapema, aone banda, aone punda, aone kadi za picha, anaweza kukaa mbali atazame mtoto mmoja ambaye yeye na mzazi wamekubali. Kupanga watoto mstari waimbe "karibuni wageni" ndiyo kuwageuza maonyesho, na nimeona watoto waliokuwa wameanza kuongea wanarudi kimya baada ya siku kama hiyo.

HATUA YA 11: Mtoto akikuambia jambo

Itatokea akiwa anapiga brashi, macho yake yakiwa kwa punda na siyo kwako, atasema kitu kuhusu anko fulani. Endelea kupiga brashi. Usishangae kwa uso. Usimuulize maswali ya polisi, sema "nimekusikia, umefanya vizuri kuniambia, siyo kosa lako". Usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, maana utavunja ahadi hiyo. Mwambie nani utamwambia na kwa nini. Alafu siku hiyo hiyo: andika maneno yake kama alivyosema, piga 116 namba ya bure ya huduma kwa mtoto, nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto pale polisi, na kama kuna kuumizwa kimwili hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono, yaani sehemu moja yenye huduma zote za aliyefanyiwa ukatili. Usianze kwa kumuita baba mkae mezani muyamalize kifamilia. Tafadhali sana. Mtoto aliyeambiwa aombe msamaha kwenye kikao cha ukoo hatakuja kumwamini mtu mzima tena.

HATUA YA 12: Wafanyakazi, na kuaga

Kila mwisho wa siku kaeni nusu saa, chai na mihogo, kila mtu aseme kilichomkaa moyoni. Anayeshika kamba siku nzima huku mtoto analia anabeba kitu, na akienda nacho nyumbani kesho atakuwa mkali kwa punda.

Kuaga nako kunapangwa. Mtoto anayemaliza, au anayehama na wazazi kurudi Ukerewe, aambiwe wiki tatu kabla, ahesabu kwenye kadi, mara ya mwisho amlishe na kumuaga mnyama wake jinsi anavyotaka, akitaka kuondoka bila kuaga pia aachwe. Punda akifa, msiwaambie watoto "amesafiri". Waambie alikuwa mgonjwa, daktari alikuja, amekufa, amezikwa kule. Punda mwenzake aliyebaki mpeni muda wa kukaa karibu na mwili kabla hamjauondoa, na wiki hiyo asifanye kazi. Watoto watauliza kwa nini hafanyi kazi. Wajibuni kwamba amefiwa, na kwamba wanaotaka kumpelekea majani wanaruhusiwa.